Ugomvi na Mapatano: Uhakiki wa Msamiati Mmoja wa Kiswahili katika Mazingira ya Nambale

Methali isemayo kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wakipatana chukua kapu ukavune, husomeshwa katika shule za Kenya kama onyo kwa wale wapendao kujitia katika mambo ya ukoo usio wao. Funzo hilo ni sahihi, wala halina haja ya kupingwa. Hata hivyo methali hiyo ina jambo jingine ambalo aghalabu hupitwa haraka darasani, nalo ni umbo la vitenzi vyake viwili. Gombana na patana vyote vinamalizika kwa kiambishi cha kutendana, na vyote viwili havielezeki kwa kurejea mzizi peke yake. Aliyepata amepata kitu. Waliopatana hawakupata kitu chochote ila wao kwa wao. Aliyekosa amekosea au amekosa shabaha. Waliokosana si lazima wawe wametenda kosa hata moja. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba -ana maana yake ni "mmoja kwa mwingine", na akaachwa hapo, hawezi kufika kwenye maana ya ugomvi wala ya mapatano.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msamiati wa Kiswahili wa kugombana na kupatana hauwezi kufundishwa kama orodha ya visawe, kwa kuwa sehemu yake iliyo muhimu zaidi haimo katika maneno yenyewe bali katika sarufi inayoamua nani atatajwa, nani ataachwa bila kutajwa, na kosa litabebwa na nani. Mazingira yaliyochaguliwa ni Nambale na maeneo ya mpakani Busia na Malaba, upande wa Kenya.

Uchaguzi huo una sababu. Nambale ni nchi ya Wakhayo, ambao lugha yao ni mojawapo ya lahaja za Luluhya. Majirani zao ni Wamarachi, Wasamia na Wanyala, nao ni Waluhya vilevile. Na Wateso, ambao lugha yao si ya Kibantu bali ni ya jamii ya Kiniloti. Mpaka uliochorwa na Waingereza uliwagawa Wasamia na Wateso kati ya nchi mbili, na ng'ambo ya pili Luganda husikika sokoni pamoja na Lusamia na Kiteso. Kwa hiyo watu wawili wanapozozana katika njia ya Busia juu ya mzigo, nauli au chenji, mara nyingi Kiswahili si lugha ya mama ya yeyote kati yao. Huko ndiko lilikotoka neno bodaboda, ambalo asili yake ni baiskeli zilizochukua abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, na ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima. Mahali palipoweza kuipa lugha neno kama hilo hapafai kudharauliwa na wanaleksikografia.

Yafaa kukumbuka pia kwamba Kiswahili hakikuingia pande zote mbili kwa mlango mmoja. Nchini Kenya kilipata nguvu katika shule kilipofanywa somo la lazima la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, kisha Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nchini Uganda kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya kambi za jeshi na vituo vya polisi, tangu enzi za King's African Rifles hadi utawala wa Idi Amin wa 1971 hadi 1979. Kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima. Matokeo yake ni kwamba mtu wa makamo wa upande wa Uganda aliweza kukisikia Kiswahili cha kuamrisha na kukemea muda mrefu kabla ya kukisikia Kiswahili cha kubembeleza. Msamiati wa ugomvi ulivuka mpaka mapema. Msamiati wa suluhu ulichelewa nyuma.

Vitabu vimefanya nini juu ya hali hii? Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 hupanga maumbo yaliyonyambuliwa chini ya mzizi wake, na kwa mtafiti mpango huo una faida, maana unaonyesha ukoo wa neno. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981 ilipiga hatua kubwa kwa kueleza Kiswahili kwa Kiswahili, lakini desturi yake ya kuonyesha mnyambuliko kwa vifupisho na miisho humwachia msomaji kazi ya kukisia maana. Pale mnyambuliko unapokwenda sambamba na mzizi, kama katika pigana, hakuna hasara. Pale unapoacha njia, kama katika kosana, mwisho ulioandikwa baada ya kitenzi haumsaidii mgeni hata kidogo.

Vitabu vya shule navyo vimeazima mbinu nyingine, ile ya kukusanya maneno kwa mada: maneno ya sokoni, maneno ya hospitalini, maneno ya ugomvi na kupatana. Mbinu hii imepata umaarufu katika kufundisha Kiingereza kwa wageni, na huko pia ina kasoro zake. Mchina anayejifunza Kiingereza huwekewa kitenzi argue mbele ya chaojia, neno ambalo katika Kichina limeundwa na kelele na kupigana. Naye akishalikariri atashangaa kumwona mwanasheria wa Kiingereza aki-argue kwa sauti ya chini na adabu tele. Akifika kwenye kupatana huambiwa make up ni hehao, yaani kurudiana kwa wema, wala haambiwi mapema kwamba maneno hayohayo ya Kiingereza ni kutunga uongo na kujipaka rangi usoni. Orodha humpa mwanafunzi jozi za maneno. Haimpi kanuni ya kuyatumia. Iwapo mbinu hiyo inamkwaza Mchina mbele ya Kiingereza, haielekei kwamba itamfaa Mkhayo mbele ya Kiswahili, ambacho kinabeba mzigo mkubwa zaidi katika viambishi.

Hapa pana tofauti ambayo darasa la Nambale huisahau. Kiambishi cha kutendana ni mali ya kale ya lugha za Kibantu. Mkhayo anacho tayari nyumbani kwake, na Mganda anacho pia: okutabagana ni kupatana, na omutabaganya ni mpatanishi. Mteso hana urithi huo, kwa kuwa kitenzi cha lugha yake hujengwa kwa njia nyingine. Wanafunzi hawa wawili hukaa kwenye dawati moja na hupewa zoezi moja. Mteso hulazimika kujifunza kiambishi chenyewe. Mkhayo anakijua, na ujuzi huo ndio unaomponza, kwa sababu hudhani kwamba kila -ana ya Kiswahili imegawa tendo sawasawa baina ya wawili.

Haigawi sawasawa. Tazama sentensi mbili: "Juma na Hamisi waligombana" na "Juma aligombana na Hamisi". Kitenzi ni kilekile na tukio laweza kuwa lilelile, lakini msikilizaji wa sentensi ya pili tayari anamtazama Juma kwa jicho la kuuliza. Juma ndiye kiima; Hamisi ameletwa na "na". Liguru wa kijiji anayesikiliza kesi hujua tofauti hii hata kama hakuisoma popote, na mlalamishi mwerevu huanza kwa "yeye aligombana na mimi", si kwa "tuligombana". Vitabu vya sarufi hueleza miundo hii miwili kana kwamba ni hiari ya mtindo tu. Katika baraza la chifu, hiari hiyo ni nusu ya ushahidi.

Vitenzi vyenyewe vina madaraja yake. Kubishana ni kupingana kwa maneno, na si lazima pawe na hasira. Kitenzi chake cha asili, bisha, hutumika hata kwa mlango, wala anayebisha hodi hagombani na mwenye nyumba. Kuzozana kumeongeza kelele. Kugombana kumeongeza uhasama, na kunaweza kufika kwenye ngumi. Kukosana ni jambo la namna nyingine kabisa: huweza kutokea bila neno hata moja kusemwa, na hutambuliwa kwa kile kisichotendeka, yaani watu hawasemezani, hawatembeleani, hawaamkiani. Kufarakana ni kukosana kuliko kwisha kukomaa na kugawa nyumba. Teta ina mashaka zaidi. Katika Kiswahili sanifu ni kugombana kwa maneno au kumsema mtu, na kutokana nayo tumepata tetea, kazi ya wakili. Katika Kiswahili cha Kenya ya bara kuteta ni kulalamika tu. Mwanafunzi wa Nambale aandikapo kwamba wazazi wake waliteta kwa mwalimu mkuu, mtahini wa pwani anaweza kuona fujo mahali ambapo palikuwa na manung'uniko ya adabu.

Ukoo wa gomba unastahili neno moja zaidi. Gombea, ambayo ni kung'ang'ania kitu dhidi ya mwingine, leo ni kitenzi cha uchaguzi: mtu hugombea ubunge, naye huitwa mgombea bila mtu yeyote kuona aibu. Lugha imekubali kwamba kiti cha enzi hupatikana kwa ugomvi uliowekewa taratibu. Ni vigumu kujua kama waliolizoesha neno hilo walikuwa na kejeli.

Kwa upande wa kukosana, Mluhya ana faida ambayo Kiswahili cha darasani hakiitumii. Salamu yake ni mulembe, na mulembe ni amani. Luganda nayo ina mirembe kwa maana hiyohiyo. Kumnyima mtu salamu, basi, ni kumnyima amani waziwazi. Mwalimu anayefundisha kukosana huko Nambale hana haja ya tafsiri ya Kiingereza. Angeuliza tu ni nani na nani hawapeani mulembe, na darasa zima lingeelewa.

Sasa tuingie kwenye kuomba radhi, ambako makosa ni mengi na yana gharama. Chanzo cha matatizo ni neno la Kiingereza sorry, ambalo katika Kiingereza cha Afrika Mashariki limekwisha kuazima maana ya pole. Mtu akijikwaa, hata asiyehusika humwambia sorry. Mwanafunzi huyo akirudi kwenye Kiswahili ana maneno manne mkononi: pole, samahani, nisamehe na niwie radhi, na orodha ya kitabu huyapanga kama ngazi ya adabu, la chini hadi la juu. Kuyapanga hivyo ni kuyapotosha. Pole haina kosa ndani yake. Ni kushiriki katika maumivu. Mwendesha bodaboda aliyemwaga mahindi ya mama mmoja njiani akasema "pole mama", ametamka neno zuri lakini amejiweka miongoni mwa wapita njia, na si ajabu mama huyo akizidi kuwaka. Samahani hufungua njia, hukatiza mazungumzo, huomba nafasi, ni nyepesi. Nisamehe inakiri kosa na kumwachia aliyekosewa uamuzi wote. Niwie radhi ni tofauti na zote tatu. Radhi ni hali ya moyo uliotulia, na anayesema niwie radhi haombi kufutiwa deni bali anaomba moyo wa mwenziwe uwe umetulia kwake. Ndiyo maana mtoto huomba radhi ya wazazi hata siku ambayo hakutenda kosa lolote, kama vile anapokwenda safari ya mbali au anapooa.

Kosa la mwendesha bodaboda si la adabu, basi, bali ni la maana. Na kinyume chake pia hutokea. Mfanyabiashara kutoka ng'ambo, ambaye Kiswahili chake cha suluhu kina neno moja tu, husema nisamehe kila mahali, hata katika shauri ambalo hajui kama amekosa. Na mbele ya mashahidi kauli hiyo huhesabiwa kuwa ameungama. Alichokuwa akitafuta ni "tuelewane" au "tusikizane", maneno ambayo hayamtaji mkosaji. Ni kweli kwamba tuelewane ina historia yake katika barabara za Kenya, na wasomaji wengi wamewahi kuisikia ikisemwa taratibu kupitia dirisha la gari. Hata hivyo neno halihukumiwi kwa matumizi yake mabaya, na sokoni "bei ya kuelewana" ni mwaliko wa heshima.

Lakini chombo kikuu cha kupatanisha katika Kiswahili hakimo katika kamusi yoyote kama neno. Ni kiambishi ya-. "Yaishe." "Tuyamalize." "Yamekwisha." "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Yapi hayo? Mambo, au maneno. Nomino imeachwa kwa makusudi. Mswahili husema "wana maneno" akimaanisha kwamba wana ugomvi, na wakati wa kupatana hata hayo maneno hayatajwi tena, hubaki upatanisho wa kisarufi peke yake. Msemaji amelitaja kosa na hapohapo amelificha. Hakusema nani alitenda, alitenda nini, wala lini. Ngeli imefanya kazi ambayo katika lugha nyingine ingehitaji hotuba.

Kwa hiyo mwanafunzi anayefundishwa ngeli ya ya- kwa mayai, madirisha na magari peke yake amenyimwa matumizi yake yenye thamani kubwa kuliko yote katika maisha ya jamii. Kwa Mkhayo upungufu huu hurekebishika haraka, maana lugha yake pia ina ngeli, na anajua jinsi kiambishi kinavyoweza kusimama pasipo nomino. Kwa Mteso na kwa mgeni asiye Mbantu, "yaishe" ni kitendawili mpaka mtu amfafanulie.

Kuna watakaosema kwamba ufichaji huu ni udhaifu, na wana hoja. Methali ya pwani ya kufunika kombe ili mwanaharamu apite inaonyesha kwamba Waswahili wenyewe wanajua suluhu inaweza kuwa kifuniko tu. Pwani na Unguja pia wana desturi iliyo kinyume chake, ya kusuta, ambapo msengenyaji huendewa hadharani na kukabiliwa kwa ushahidi wa maneno yake mwenyewe. Kusuta hakukubali ya-. Kunadai jina, siku na kauli. Vitabu vya shule vya bara huweka suta karibu na kemea au laumu, na hivyo kuiondolea nguvu yake yote. Lugha yenye yaishe na suta kwa pamoja haiwezi kusemwa kwamba inapenda kuficha, inachagua.

Uchaguzi huo umeonekana pia katika siasa. Zanzibar, makubaliano ya mwaka 1999 na ya 2001 baina ya CCM na CUF yaliitwa Mwafaka, neno la kulingana katika masharti. Baada ya hayo kutotimia, hatua iliyoanzishwa na Amani Abeid Karume na Seif Sharif Hamad mwaka 2009, ikafuatwa na kura ya maoni ya 2010, iliitwa Maridhiano. Jina halikubadilishwa bure. Mwafaka waweza kutiwa saini na mahasimu wasiotazamana; maridhiano yanadai radhi, na yanaidai kwa pande zote mbili, kwa kuwa neno lenyewe limefungwa ndani ya -ana ya Kibantu ingawa mzizi wake ni wa Kiarabu. Kenya nayo, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, iliunda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Uhuru Kenyatta na Raila Odinga waliposhikana mikono tarehe 9 Machi 2018, magazeti yalikuwa na maneno haya yote tayari, lakini lililoshika mitaani ni handisheki. Wapenda lugha walisikitika. Pengine hawakuwa na sababu: handisheki inataja mikono tu, haidai kwamba mioyo imeridhiana, na kwa maana hiyo ilikuwa sahihi kuliko istilahi nzito.

Limebaki suala la mtu wa tatu. Kiswahili humuunda kwa viambishi vilevile kwa wema na kwa ubaya: patana hutoa patanisha, gombana hutoa gombanisha, kosana hutoa kosanisha. Mchochezi na mpatanishi hutofautiana kwa mzizi peke yake. Amua ni kongwe zaidi katika kazi hii, maana kuamua ugomvi ni kuwatenganisha wapiganao kwa mikono kabla ya kuwa kutoa hukumu kwa mdomo. Ndiyo maana msimamizi wa mechi ya mpira naye huitwa mwamuzi.

Istilahi za sheria zimeyachukua maneno haya bila kuyapatanisha. Ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaziagiza mahakama zikuze njia nyingine za kumaliza migogoro, na inazitaja kwa majina ya Kiingereza yasiyoingiliana, zikiwemo njia za jadi. Mfasiri hutafuta jozi za Kiswahili, na Tanzania haimsaidii. Huko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, hutumia usuluhishi kwa hatua ambayo mtu wa tatu hana mamlaka ya kuamua chochote, na uamuzi kwa hatua ambayo anayo. Lakini Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 hutumia neno hilohilo, usuluhishi, kwa shauri ambalo mtu wa tatu hutoa tuzo inayowafunga wahusika. Msuluhishi wa sheria moja hana meno, na wa sheria nyingine anayo. Mlalamishi wa kawaida akiambiwa aende kwa msuluhishi, hawezi kujua kama anakwenda kushauriwa au kuhukumiwa.

Liguru wa Nambale hufanya kazi zote tatu katika kikao kimoja chini ya mti mmoja: huwaamua wanaoshikana mashati, huwapatanisha wakishatulia, na wakikataa huwakatia shauri. Wanakijiji humtumia kitenzi tofauti kwa kila hatua, na hawachanganyi. Kamati za istilahi zingeweza kuanzia hapo.